Kutoka Katubuka Hadi Penye Barafu: Mizigo Sita ya Kilimanjaro

Katubuka ni mahali pa joto na maji. Kata hii ya Manispaa ya Kigoma Ujiji ina bonde, na mvua zikizidi maji hukusanyika humo yakakosa pa kutokea. Zipo familia zilizohamisha vyombo usiku na kuziacha nyumba zao majini. Kwa hiyo akina mama wa huku tunajua kufunga mizigo. Tunajua kitu gani kitoke kwanza, kipi kiingie kwenye ndoo yenye mfuniko, na kadi ya kliniki ya mtoto inakaa wapi. Tusichokijua ni baridi. Sweta zetu hutoka sandukuni mwezi wa Juni, asubuhi, upepo wa ziwa unapovuma, na ikifika saa nne zimekwisha kuvuliwa.

Mwaka 2021 tulikuwa wanawake wanane wa mtaa mmoja, wote wenye watoto, tuliokubaliana kuweka akiba ya pembeni katika kikoba chetu ili tuupande Mlima Kilimanjaro. Mkubwa wetu alikuwa na miaka 52, mdogo 29. Tuliondoka Septemba 2023, tukiwa sita. Tumeulizwa mara nyingi tulijiandaaje, na wanaouliza karibu wote ni akina mama wenzetu, basi tumeona tuyaandike hapa.

Kwanza chukua kalamu, mama, ufanye hesabu tuliyoianza sisi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi. Tofauti hapo ni zaidi ya mita 5,000, yaani nyuzi 30. Usiku wa Kigoma una kama nyuzi 20. Toa 30, unabaki na 10 chini ya sifuri, na upepo bado hujauhesabu. Mmoja wetu anauza samaki wa barafu. Alisema, "Kumbe tunakwenda kulala ndani ya friza." Hakukosea sana.

Njia za kupanda ni kadhaa. Ya Marangu ina vibanda vya kulala. Sisi tulichagua ya Machame, ambako unalala katika hema tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Tuliipendea jambo moja: ukiipanda kwa siku saba, mwili hupata nafasi ya kuizoea hewa nyepesi, na ipo siku unayopanda hadi karibu mita 4,600 kisha unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Wapandaji husema hiyo ndiyo siri: panda juu mchana, lala chini usiku.

Afya kabla ya begi

Watu wengi huanza na koti. Sisi tulianza na zahanati, na tunashauri hivyo hivyo, kwa kuwa mama wa Kigoma anakwenda mlimani na mambo ambayo mgeni wa Ulaya hanayo.

La kwanza ni malaria. Homa, kichwa, kichefuchefu na uchovu ni dalili za malaria, na nyingi kati ya hizo ni dalili za ugonjwa wa mwinuko pia. Ukiugua siku ya tatu mlimani utajuaje ni ipi? Tulipima wote siku mbili kabla ya safari, na tukabeba vipimo vya haraka na dozi za dawa ya mseto tulizopewa na daktari. La pili ni wingi wa damu. Mama aliyezaa mara kadhaa, tena mwenye hedhi nzito, anaweza kutembea na damu pungufu miaka bila kujua, maana huku chini hewa inatosha. Kule juu hewa ya kuvuta ni karibu nusu ya hii yetu, na damu hiyo hiyo chache ndiyo ya kuibeba. Mwenzetu mmoja alikutwa na gramu 9, akabaki kutibiwa. Mwingine alikutwa na shinikizo la damu lililopanda sana, naye akabaki. Walilia, na sisi tulilia nao.

La tatu lilitusumbua kuliko yote. Chembe ya selimundu imeenea katika mikoa yenye malaria nyingi kama wetu, kwa sababu mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mgonjwa kamili wa selimundu asiende mlimani. Lakini yule aliyerithi kwa mzazi mmoja, asiyeugua, tena pengine hajijui? Tulipima wanane, na mmoja akawa hivyo. Daktari alimwambia kweli yote bila kumtisha: wengi wa aina yake hupanda na kurudi salama, ila wachache, hewa ikipungua, chembe zao hupinda na kuziba mishipa ya bandama. Akisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, safari yake imeishia hapo, ashuke saa ile ile. Tulikaa naye jioni mbili. Mumewe alikuja, mama mkwe wake alikuja. Mwishowe aliamua kwenda, kwa sharti kwamba kiongozi wa msafara ajulishwe tangu langoni.

Kuna na dawa ya asetazolamaidi, ambayo madaktari huwapa wapandaji kupunguza ugonjwa wa mwinuko. Ni ya jamii ya salfa. Mama ambaye aliwahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa Fansidar au Septrin lazima amwambie daktari kabla ya kuandikiwa. Tena itakuamsha kukojoa usiku, na nje kuna baridi tuliyoipigia hesabu. Mwenye mimba asiende kabisa, na watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kupanda kileleni.

Pamba, sufu na soko la mitumba

Nguo zetu za kila siku ni za pamba: khanga, kitenge, fulana. Pamba ni rafiki wa joto. Ikilowa jasho hukaa na maji, hukauka polepole, na mlimani maji hayo hugeuka kuwa baridi iliyokukumbatia mgongoni. Sufu hata ikilowa bado hutunza joto. Polista nayo haishiki maji, hukauka upesi. Basi kanuni ni tabaka tatu: ya ndani nyembamba isiyo ya pamba, ya kati nzito ya sufu au ya manyoya ya polista, na ya nje ya kuzuia upepo na mvua. Koti moja nene mno ni hasara, maana ukitembea utatokwa jasho, ukilivua utatetemeka.

Tulivipata vingi katika mitumba ya Mwanga, kwa bei isiyotisha. Shida ni kwamba lebo nyingi zimekatwa. Mkubwa wetu ni fundi cherehani, akatufundisha kuchomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuwasha kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika. Pamba hunuka karatasi. Polista huyeyuka ikawa kidonge kigumu cheusi. Wauzaji walituchoka, lakini baada ya wiki mbili nao walikuwa wakituita: "Mama, njoo uchome na hili!" Koti la mvua tulilipima kwa kumwagia maji kidogo ya kunywa begani. Yakikaa juu kama umande kwenye jani la mgimbi, lipa. Yakinywewa, liache.

Kofia tulifuma wenyewe. Uzi mwingi unaouzwa madukani kama sufu ni wa kutengenezwa kiwandani, lakini hauna ubaya, unapasha na unakauka. Kila mmoja alikuwa na boshori mbili na jozi mbili za glavu: moja ya vidole, na nyingine kubwa ya juu ambamo vidole vinne hukaa pamoja na kupashana joto. Nywele tulisuka za kulala bapa, kwa maana rasta nene haziruhusu boshori kufika masikioni. Hilo hutalisoma katika vitabu vya wapanda milima, wala hatushangai.

Na suruali? Lilikuwa jambo, tusifiche. Wapo wazee waliotuuliza kwa upole kama hakuna namna ya kupanda kwa sketi. Tukawaalika waje kututazama tukipanda kilima tukiwa na vitenge siku ya upepo. Baada ya hapo wakasema vaeni suruali, na mpitapo mjini mfunge kitenge juu. Tulifanya hivyo mpaka lango la Machame, na vile vitenge vikawa mapazia ya kubadilishia nguo.

Viatu ndivyo vilivyotutia hasara. Tulinunua jozi tatu za mabuti katika duka moja, mapya, yanayong'aa. Katika mazoezi ya kutembea kutoka Katubuka hadi Ujiji, soli ya jozi moja ikafunguka kama mdomo wa mgebuka. Zilikuwa za gundi tupu. Mwenye duka hakutaka kusikia. Afadhali iling'oka Ujiji, penye bajaji, kuliko kwenye mawe ya Barranco. Mengine yote tulimpelekea fundi viatu akayashona kwa uzi wa nailoni kuzunguka, nasi tukayavaa miezi mitatu, kisimani, sokoni, kila mahali, hata malengelenge yakaisha. Nunua kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba, na ukivae na soksi nzito. Kidole gumba kikigusa mbele, kitakuua wakati wa kushuka.

Mazoezi hayakuhitaji fedha. Kigoma ni vilima vitupu, na sisi tumezoea kubeba. Tukumbuke pia kwamba Ujiji yetu ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, na wapagazi wa karne ya 19 walibeba karibu frasila mbili kichwani au begani, zaidi ya kilo 30, kwa miezi kadhaa. Kwa baridi ya majaribio tulikwenda Manyovu, kule juu mpakani na Burundi kunakolimwa kahawa. Tulilala usiku mmoja nje kwa mwenyeji wetu, katika mahema ya kuazima. Mvua ikanyesha. Mwenye sweta ya pamba alitetemeka hadi alfajiri na siku ya pili akaigawa. Asiye na uwezo wa kwenda Kilimanjaro asikate tamaa, milima ya Mahale iko kusini mwetu kwa njia ya ziwa, na Nkungwe ina mita 2,462. Usiku wake hauhitaji vitu vyote hivi, lakini boshori utaitaka.

Ndani ya begi

Tulipatana jambo moja ambalo baadaye tulilishukuru sana: kila mwanamke awe na mzigo uliokamilika. Akina mama tumezoea kugawana, huyu abebe dawa za wote, yule tochi kubwa, mwingine sabuni. Nyumbani ni busara. Mlimani mmoja akiteremshwa ghafla, ama anaondoka na dawa za wote, ama anashuka gizani bila tochi. Kwa hiyo kila begi lilikuwa na tochi ya kichwani na betri za akiba, dawa zake zimeandikwa jina, chupa mbili za maji, nakala ya kitambulisho na kadi ya bima, fedha kidogo, namba za simu za nyumbani kwenye karatasi, na pedi hata kwa yule aliyekuwa na uhakika kwamba tarehe zake ziko mbali. Mwinuko na uchovu huvuruga tarehe. Wawili walishangazwa.

Mzigo anaobeba mpagazi una kikomo, kilo 20, nao hupimwa langoni. Lakini humo humo kuna hema na chakula, na huyo mpagazi ni mtoto wa mama mwenzio. Wapo waliowahi kufa kwa baridi juu ya mlima ule. Tulipima mabegi yetu kwenye mizani ya duka la mchele hadi kila moja likawa kilo 11, na tukaongeza boshori sita za kuwapa.

Namna ya kupanga ni kama kupanga ndoo za mafuriko, kinachotakiwa upesi kikae juu. Koti la mvua juu kabisa. Nguo za kulalia chini, zimefungwa peke yake, hazivaliwi kutembea hata ukiombwa, maana usiku ule nguo kavu ni uhai. Zamani tungefunga kila kitu katika mifuko ya rambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na chupa za maji za kutupa nazo haziruhusiwi mlimani. Tulikata turubai jepesi, fundi wetu akashona mifuko ya kamba, kila mmoja mitano. Mifuko ya kulalia tulikodi Moshi, kwa kuwa hiyo si ya kubahatisha: tuliomba ya kuhimili baridi iliyo chini ya sifuri, tukaifungua zipu na kuinusa kabla ya kulipa.

Usiku weka betri na simu ndani ya mfuko wa kulalia, baridi huzimaliza. Chupa ya maji ijaze ya moto, ivishe soksi, lala nayo miguuni, asubuhi unayanywa. Usiku wa kileleni ibebe kichwa chini, maana maji huanza kuganda juu, na hivyo mdomo wa chupa hubaki wazi. Mafuta ya mgando ya midomo na pua usisahau, wala miwani ya jua. Weusi wetu hauzuii macho kuungua na mwanga wa barafu.

Chakula hupikwa na mpishi wa msafara, ila tulibeba vya kwetu vya kututia moyo: dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakakauka, karanga, kashata, tangawizi iliyosagwa. Mmoja alibeba mawese katika kichupa. Yaliganda yakawa kama sabuni, akawa anayakwangua kwa kijiko. Maharage tuliyaacha. Pale Barafu, karibu mita 4,670, maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, na maharage hayaivi hata uchochee mchana kutwa.

Na mzigo wa nyumbani, je? Huo ulituchukua muda kuliko wa mlima. Siku 13 za unga zilipimwa, mkaa ukanunuliwa, sare za shule zikafuliwa. Wale wenzetu wawili waliobaki waligawana nyumba zetu sita, tatu kwa tatu, wakipita kila jioni. Waume tuliwaandikia ratiba ukutani. Mmoja alisema, "Mama, sasa ndiyo najua wewe hufanya mangapi." Tuliibandika vizuri.

Kule juu

Safari ya basi hadi Moshi tuipite, kila msafiri wa Kigoma anajua urefu wake. Langoni tuliwakuta mabinti wanaobeba mizigo na kupika, wakatuita mama, wakatufundisha kutembea polepole kuliko tulivyodhani inawezekana. Siku ya kwanza ni msitu na matope. Ya pili miti inaisha. Shira, mita 3,800 na ushee, asubuhi tulikuta hema limekuwa jeupe kwa umande ulioganda, tukalikwangua kwa kucha kama watoto.

Asubuhi hiyo hiyo mwenzetu wa selimundu alikaa chini, mkono chini ya mbavu za kushoto. Alitaka kusema ni gesi. Tulimtazama, naye akatutazama, akasema, "Ni pale alipopasema daktari." Hakukuwa na mjadala. Kutoka Shira magari ya uokoaji huweza kufika karibu. Begi lake lilikuwa kamili, hatukufungua mengine kutafuta chochote. Lilibebwa kama lilivyo, yeye akateremshwa na msaidizi wa kiongozi. Jioni alikuwa hospitalini Moshi. Bandama ilikuwa imeguswa kidogo. Alilazwa siku nne, akapewa maji na dawa za maumivu, akatoka kwa miguu yake.

Sisi watano tuliendelea, si kwa furaha ile ya mwanzo. Tuliukwea ukuta wa Barranco kwa mikono na miguu. Barafu tuliamshwa saa tano usiku. Upepo ule hatuna neno lake huku ziwani. Wawili walifika Stella Point, ukingoni mwa kreta, wakasema basi, na kiongozi akakubaliana nao. Watatu walifika Uhuru saa mbili kasoro asubuhi, pale ambapo Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge tulipopata uhuru Desemba 1961. Walikaa dakika kumi. Mmoja alivua glavu ili apige picha, na vidole vyake viliuma hadi Mweka.

Vifaa vyote tulivirudisha Katubuka. Vimo katika sanduku la bati, na vidonge vya nondo, juu ya meza na si chini, kwa ajili ya maji. Huazimwa bure kwa yeyote wa mtaani, mradi arudishe vimefuliwa. Mwenzetu aliyekutwa na gramu 9 sasa ana 12 na nusu, na mwezi uliopita alikuja kupima mabuti. Namba 38 zinamtosha akivaa soksi mbili.